ECG ya Baba Yangu na Usiku Tuliosubiri

Tangu juzi ujumbe wa msomaji mmoja umeninyima usingizi. Mama yake alifikishwa hospitali na maumivu ya kifua, akaambiwa kwamba ECG, mchoro wa umeme wa moyo, haioneshi shambulio kubwa la moyo, basi asubiri majibu ya damu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi usiku ule wa baba, nami ni muuguzi, nikayakubali.

Baba alikuwa amelowa jasho hadi fulana, na kila alipoulizwa alijibu kwamba maumivu yapo palepale. Karatasi ya ECG niliishika mwenyewe. Mstari wa ST, yaani kipande cha mchoro kinachofuata mara baada ya wimbi kubwa la pigo la moyo, haukupanda popote. Ulishuka kwenye V2 hadi V4, vibandiko vya kifuani vinavyonasa umeme huo, na kwa kuwa utaratibu tuliofundishwa unamkimbiza kwenda kuzibuliwa mshipa yule ambaye ST yake imepanda, baba aliwekwa hadi asubuhi. Picha ya asubuhi ilionesha mshipa unaolisha ukuta wa nyuma wa moyo umeziba kabisa. Laiti tungehamishia vibandiko vitatu mgongoni, V7 hadi V9, huenda tungelijua hilo usiku uleule. Leo baba yu hai, lakini ngazi nane za kibarazani hapandi bila kupumzika mara mbili.

Mwaka 2018 madaktari watatu wa Marekani, Stephen Smith, Pendell Meyers na Scott Weingart, walipendekeza tuache kuyagawa mashambulio ya moyo kwa kupanda kwa ST, tuulize lile lenye uzito: mshipa umeziba au haujaziba? Nawaunga mkono kabisa, kwani uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2017 ulikuta kwamba takriban robo ya wagonjwa wa kundi la ST isiyopanda mishipa yao ilikuwa imeziba kabisa. Robo nzima, na baba yangu yumo katika watu wa namna hiyo!

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiridhike na ECG moja. Maadamu maumivu yanaendelea, omba irudiwe kila baada ya dakika 15 hadi 30, omba na ya mgongoni, wala usitulizwe na majibu ya kwanza ya troponini, kipimo cha damu cha kuumia kwa msuli wa moyo, ambayo katika saa za mwanzo huweza kuwa ya kawaida. Wauguzi wenzangu, sisi ndio tunaosimama kando ya kitanda, kwa hiyo tusione haya kumrudia daktari kwa heshima na kumwambia kwamba maumivu yamegoma kuisha, jambo ambalo hata miongozo ya ST inalitambua kuwa sababu ya kumpeleka mgonjwa haraka kwenye chumba cha kupiga picha na kuzibua mishipa ya moyo. Na akichomwa mofini, msihesabu utulivu wake kuwa nafuu, kwa kuwa mofini hupoza maumivu na mshipa ukabaki umeziba vilevile.