Salio la mradi si mtaji

SWALI: Mhasibu, habari za kazi. Tuna shirika dogo huku Kayenze, Ilemela. Tunahudumia wazee 60 majumbani mwao: sabuni, unga wa lishe, na mhudumu wa kuwatembelea. Mfadhili wetu ni mmoja na mkataba unaisha baada ya miezi minne. Mkaguzi wa hesabu ametuwekea hoja kwa sababu kodi ya pango yote tumeilipa kwa fedha za mradi. Wakati huohuo tuna salio la shilingi milioni 7 ambalo halijatumika, na mwenyekiti anataka tununue mtumbwi, nyavu na taa za dagaa ili tujitegemee. Mashirika mengine ya wazee yanaishi vipi? – Mratibu, Kayenze

JIBU: Nzuri, dada mratibu. Nianze na hiyo milioni 7, maana ndiyo yenye hatari. Msiiguse. Fedha za mradi zina masharti: zimetolewa kwa kazi iliyoandikwa kwenye mkataba, na zinazobaki ni za mfadhili mpaka yeye mwenyewe akubali kwa maandishi zitumike vingine. Mkinunua mtumbwi leo, mkaguzi akirudi hatauliza mmevua ndoo ngapi. Atauliza kibali kiko wapi.

Halafu dagaa wenyewe. Mwenyekiti ni mtu wa mwaloni (ufukweni wanakoshushia samaki), anajua kuliko mimi kwamba dagaa huvuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika, na mzee hapumziki kuhitaji sabuni. Mvua zikishika, dagaa walioanikwa mchangani wanaharibika na bei inashuka mpaka ya chakula cha kuku. Bado hujahesabu injini kuibiwa ziwani. Sisemi biashara ni mbaya. Nasema fedha ya kumtunza mzee kila mwezi haiwezi kutegemea kipato kinachokatika kila mwezi.

Nakuja kwenye hoja ya mkaguzi, ambayo imebeba swali lenu lote. Tatizo si kwamba ofisi haina haki ya kulipiwa na mradi. Tatizo ni kulipiwa yote na mradi mmoja, wakati ofisi hiyohiyo inafanya mambo mengine: vikao vya bodi, kuandika maombi ya fedha, mikutano ya wanachama. Gharama ya pamoja inagawanywa kwa kigezo kinachoeleweka, kwa mfano muda wa watumishi. Kama karatasi za muda wa kazi zinaonyesha 80% ya saa zao zinakwenda kwenye mradi, basi 80% ya pango ni ya mradi, na hapo hakuna mkaguzi mwenye neno. (Na je, mwenye nyumba mlimkata kodi ya zuio ya 10% mkaipeleka TRA? Mashirika mengi hujikwaa hapo.)

Sasa chukueni karatasi mpige hesabu halisi ya mzee mmoja. Natumia tarakimu za mfano. Ninyi wekeni zenu. Wahudumu sita kwa posho ya 50,000 ni 300,000 kwa mwezi. Mahitaji ya wazee 60 kwa 12,000 ni 720,000. Bodaboda 180,000. Jumla 1,200,000, yaani 20,000 kwa kila mzee. Hiyo ndiyo tarakimu wengi huandika kwenye maombi. Lakini kuna pango 200,000, mhasibu wa siku chache 250,000, umeme, intaneti na makato ya benki 50,000, na ukaguzi wa hesabu ambao kwa mwaka ni 1,800,000, yaani 150,000 kwa mwezi. Hapo pana 650,000 nyingine. Jumla kuu ni 1,850,000, na mzee mmoja anagharimu karibu 30,800.

Wafadhili wengi hutoa asilimia ndogo tu kwa gharama za uendeshaji, yaani kama hiyo 650,000. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, kikomo chake cha kawaida ni 7% ya gharama za moja kwa moja, ambazo hapa ni ile 1,200,000. Kwa bajeti hii ni 84,000, na pengo ni 566,000 kila mwezi. Pengo hilo ndilo linaloua mashirika madogo kimyakimya, kwa sababu hujazwa kwa kuchelewesha posho au kwa mfuko wa mratibu mwenyewe.

Mnalipunguza kwa njia mbili. Kwanza, gharama inayohusu mradi moja kwa moja ihamieni kwenye bajeti ya mradi yenyewe, siyo kwenye ile asilimia: sehemu ya muda wa mhasibu, ukaguzi wa mradi, sehemu ya pango. Mfadhili makini anakubali akionyeshwa mgawanyo kabla ya kusaini. Baada ya kusaini ni ugomvi.

Pili, tafuteni fedha huru, zisizo na masharti. Mashirika makubwa yanaishi kwa hizo. Age UK ya Uingereza hupokea mali ambazo watu wameiachia kwenye wasia, na ina maduka yanayouza nguo zilizotolewa bure (kama soko letu la mitumba la Mlango Mmoja, ila bidhaa hazina bei ya kununulia). Kwenu mimi naona njia moja inayowezekana: watoto wa hao wazee. Wako Dar, Geita, Arusha, na wengi wangependa kujua nani alimtembelea mama wiki hii. Watu 190 wakituma 3,000 kila mwezi kwa lipa namba ya shirika, isiwe ya mtu, mnapata 570,000. Pengo limezibika. Watumieni taarifa fupi kila mwezi, hata ya meseji.

Wafanyabiashara wa Kirumba nao waombeni, lakini kwanza ombeni TRA hadhi ya shirika la hisani. Usajili wa Msajili wa Mashirika si msamaha wa kodi, wengi huchanganya. Mkiwa na hadhi hiyo, kampuni inayowachangia inaweza kuutoa mchango huo kwenye hesabu yake ya kodi, hadi 2% ya mapato yake ya biashara. Msipokuwa nayo, hata faida ya mtumbwi wa mwenyekiti ingetozwa 30% kama kampuni nyingine.

Ile mikopo inayotolewa kutoka 10% ya mapato ya ndani ya halmashauri msiipigie hesabu. Mgawo wake ni 4% wanawake, 4% vijana na 2% watu wenye ulemavu; wazee kama wazee hawamo. Na msinunue dawa ambazo serikali imekwisha kusema mzee wa miaka 60 asiye na uwezo atibiwe bure. Nauli ya kumpeleka kwa afisa ustawi wa jamii apate kitambulisho ni nafuu zaidi.

Kuhusu mfadhili mmoja: Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mashirika kadhaa yaliyoitegemea peke yake yalifunga ofisi ndani ya wiki chache. Kila mwezi wekeni kidogo kutoka fedha huru mpaka mfikishe gharama ya miezi mitatu, kwenye akaunti yenye sahihi tatu. Na mkataba mpya ukizidi shilingi milioni 20, upelekeni Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusaini.

Turudi kwenye milioni 7. Mwandikieni mfadhili wiki hii, mkataba ukiwa bado hai, mkiomba muda uongezwe bila fedha mpya. Hata mkihesabu gharama yote ya 1,850,000 kwa mwezi, kabla ya kutoa sehemu ya pango isiyo ya mradi, miezi mitatu ni 5,550,000. Zinabaki angalau 1,450,000, ambazo mnaweza kuomba zilipie ukaguzi wa mwisho. Ambatanisheni jedwali la mgawanyo wa pango lililosahihishwa, mweleze na sababu ya salio kubaki, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza atakalouliza.