Maswali ya Wasomaji: Elektrodi za grafini na maji ya kisima

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Nina karakana ndogo Kariakoo, ambako tunachonga mihuri na vibao vya majina kwa mashine ya leza ya kaboni dayoksaidi. Mdogo wangu anayesoma kemia chuoni ameniambia kwamba mashine hiyohiyo inaweza kuchora elektrodi (vipande vinavyopitisha umeme hadi majini) za grafini juu ya plastiki, na kwamba elektrodi hizo hutambua madini ya risasi majini. Nyumbani Temeke tunatumia maji ya kisima kirefu yenye chumvichumvi. Je, jambo hili linawezekana, na naweza kuwapimia majirani? — Msomaji, Kariakoo.

JIBU: Ndugu msomaji, mdogo wako hakukudanganya. Mwaka 2014 watafiti wa maabara ya James Tour katika Chuo Kikuu cha Rice, Houston, Marekani, walionyesha kwamba leza kama yako, yenye mawimbi ya urefu wa mikromita 10.6, ikipitishwa juu ya utando wa poliimidi katika hewa ya kawaida, huugeuza uso wake kuwa grafini, yaani kaboni ambayo atomu zake zimejipanga katika tabaka jembamba. Poliimidi ni ile plastiki ya rangi ya kaharabu ambayo mafundi simu huitumia kama tepu ya kukinga vipuri dhidi ya hewa ya moto. Mwale unapoigonga, joto la mahali hapo hupita nyuzi 2,500 za Selsiasi kwa muda mfupi mno, oksijeni na naitrojeni hutoka kama gesi, na kaboni inayobaki hujipanga upya. Kinachopatikana si tabaka moja la atomu, kama grafini iliyotengwa Manchester mwaka 2004, bali ni povu jeusi lenye vinyweleo vingi, na hiyo ni faida kwa kihisi, yaani kifaa cha kutambua kitu majini, kwa sababu eneo linalogusana na maji huwa kubwa.

Kazi ya kwanza ni kulinganisha nguvu na kasi ya mwale. Nguvu ikipungua, mstari hubaki wa kahawia na haupitishi umeme. Ikizidi, utando hujikunja na weusi wake huchambuka ukiupitishia kidole. Chora miraba midogo kwa mipangilio tofauti, upime ukinzani wa kila mmoja, kisha uchague ule unaojirudia vilevile kila unapochora, hata kama si wenye ukinzani mdogo kuliko yote. Usijaribu kabisa kwenye PVC, kwani hutoa haidrojeni kloraidi, gesi inayounguza mapafu na kula vyuma vya mashine.

Kihisi huhitaji elektrodi tatu: ya kazi, ya kukamilisha mzunguko na ya rejeo, ambayo volteji ya elektrodi ya kazi hupimwa kwa kulinganishwa nayo. Kwa kuwa povu hunyonya maji hadi kwenye vibanio vya umeme, paka rangi ya kucha katikati ya mstari, ikauke, ili eneo linalolowa liwe lilelile kila mara. Rejeo hutengenezwa kwa kupaka wino wa fedha, ambao uso wake hugeuzwa kuwa kloraidi ya fedha, na hapa ndipo maji ya chumvichumvi ya Dar es Salaam yanapoleta shida. Volteji ya rejeo lililo wazi hufuata kiasi cha kloraidi kilichomo majini: kloraidi ikiongezeka mara 10, hushuka kwa takriban milivolti 59. Kilele cha risasi, yaani volteji ambapo mkondo wake hupanda juu kabisa wakati wa kupima, kitahama kutoka kisima kimoja hadi kingine, na asiyejua atakisoma kama metali nyingine. Dawa yake ni kutia kila sampuli kiasi kilekile kikubwa cha kloraidi ya potasiamu, ili tofauti za visima zimezwe.

Upimaji wenyewe huanza kwa kutia bafa ya asetati (mmumunyo unaotuliza kiwango cha asidi), mara nyingi pamoja na madini ya bismathi kidogo, na kuiweka elektrodi ya kazi kwenye volteji hasi kwa dakika chache, risasi ijikusanye juu yake. Kisha volteji hupandishwa, risasi huyeyuka tena, na mkondo wake hupimwa kwa potenshiostati, kifaa kinachodhibiti volteji na kupima mkondo. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango elekezi cha mikrogramu 10 kwa lita. Ili kujua sampuli yako ina risasi kiasi gani, huongezwa kiasi kinachojulikana cha risasi kwenye sampuli ileile na kutazamwa kilele kinakua kwa kiasi gani, kazi ambayo kwa sababu ya sumu yake inafaa kufanyiwa chuoni kwa mdogo wako.

Kuhusu majirani, jibu langu ni hapana kwa sasa. Kwanza pelekeni sampuli zilezile kwenye maabara ya maji na mlinganishe majibu. Kumwambia mama mwenye watoto wachanga kwamba kisima chake ni salama si jambo la kubahatisha.

SWALI: Je, ni kweli kwamba hata kifuu cha nazi kinaweza kugeuzwa grafini kwa leza? — Msomaji, Mbagala.

JIBU: Ni kweli, maabara hiyohiyo ya James Tour ilionyesha hivyo mwaka 2018, kwa kupitisha leza mahali pamoja zaidi ya mara moja, mpito wa kwanza ukifanya mkaa na ya baadaye ikiugeuza mkaa huo kuwa grafini. Hata hivyo, kifuu kimepinda na nyuzi zake hazilingani, hivyo elektrodi mbili kutoka nazi moja zinaweza kutofautiana. Kwa kihisi, nunua poliimidi.