Maswali yenu kuhusu dawa za kuongeza nguvu ulingoni

Wiki hii nimeweka pembeni maswali ya nani atashinda na nani kapendelewa na majaji. Mengi mliyoniletea yanahusu dawa, na hilo nalijibu kwa uzito wake, maana kwenye ngumi anayedanganya huondoka na ushindi baada ya kumtwanga mwenzake kichwani.

Shikamoo kaka. Mimi ni shabiki wa Canelo Álvarez. Ile habari ya nyama yenye dawa niliiamini, wenzangu kijiweni wananicheka. Je, nimedanganywa? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Wasikucheke, kwa sababu nyama ya namna hiyo ipo kweli. Februari 2018, Canelo, bondia wa Mexico, akijiandaa kurudiana na mpinzani wake Gennady Golovkin tarehe 5 Mei, sampuli zake mbili za mkojo zilikutwa na klenbuterol. Katika baadhi ya nchi hiyo ni dawa ya pumu. Mwilini huyeyusha mafuta na kuacha misuli, ndiyo maana wako wafugaji Mexico wanaowapa ng'ombe kwa siri ingawa sheria inakataza. Kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, lililochezwa hukohuko Mexico mwaka 2011, wachezaji 109 kati ya 208 waliopimwa walikutwa nayo. Vijana wote wale wasingeweza kula njama moja.

Kiasi alichokutwa nacho Canelo kilikuwa chini ya nanogramu 1 kwa mililita, na mkuu wa maabara alisema kinalingana na cha mtu aliyekula nyama hiyo. Ila kiasi kidogo kinaweza pia kuwa mabaki ya dozi iliyomezwa siku nyingi nyuma. Mkojo unaonyesha kilichomo, hauonyeshi kimeingia kwa njia gani.

Mimi nyama naiona inawezekana kabisa. Ninachomlaumu ni uzembe. Mmexico mwenzake, Erik Morales, alikutwa na dawa hiyohiyo mwaka 2012, naye akataja nyama. Miaka sita baadaye, bondia mwenye fedha za kujifugia ng'ombe wake mwenyewe alipaswa kujua anakula nini. Kamisheni inayosimamia ngumi jimbo la Nevada, Marekani, ilimfungia miezi 6, pambano la Mei likafutwa, na Septemba mwaka huohuo akamshinda Golovkin kwa pointi. Tangu 2019 maabara zikikuta klenbuterol isiyozidi nanogramu 5 kwa mililita, suala la nyama huchunguzwa kwanza kabla mtu hajashtakiwa. Naona ni haki.

Kwa nini majibu ya vipimo hutoka wakati pambano limeshaisha na fedha zimeshagawanwa? (Msomaji, Mombasa)

Swali lako ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kwanza fahamu kazi yenyewe ilivyo. Ofisa anagonga mlango bila taarifa, kambini au hotelini. Bondia anajichagulia kifurushi chenye chupa mbili. Anakojoa ofisa wa jinsia yake akimtazama, shati limepandishwa hadi kifuani na suruali imeshushwa hadi magotini, ili asiwepo mtu aliyeficha mkojo wa mwingine kwenye mfuko. Mkojo anaumimina mwenyewe kwenye chupa A na chupa B, kisha anakaza vifuniko. Vina meno ndani, vinalia ka, ka, ka mpaka vigome, na hapo havifunguki tena pasipo kuvunjwa. Maabara inapokea namba, jina haliandikwi. Chupa A ikikutwa na kitu, bondia ana haki ya kudai B ifunguliwe.

Yote hayo yanachukua siku. Basi sampuli ikichukuliwa pambano limekaribia, majibu yatamkuta mtu ameshapigwa.

Tarehe 20 Aprili 2024, Brooklyn, Ryan Garcia alimwangusha Devin Haney mara tatu. Sampuli zake za siku iliyotangulia na za usiku uleule zikaja kuonyesha ostarine, kitu cha kujenga misuli ambacho hakijaidhinishwa kutibu mtu yeyote. Garcia alikana kutumia kwa makusudi. Alifungiwa mwaka mmoja na pambano likatangazwa halina mshindi. Kwenye rekodi ya Haney hakuna kipigo. Lakini zile ngumi alizokula zilimwingia, na hakuna kamisheni inayoweza kuzitoa.

Sasa linganisha na Jarrell Miller. Yeye alipimwa Machi 2019, wakati pambano lake na Anthony Joshua la tarehe 1 Juni bado liko mbali. Akakutwa na GW1516 (dawa ya kuongeza pumzi), EPO (homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu) na homoni ya ukuaji. Akanyimwa leseni New York, nafasi ikaenda kwa Andy Ruiz. Nilikuwa kwenye banda la kuonyesha mpira asubuhi ile, kwetu kumeshapambazuka, chai mkononi, Joshua alipokwenda chini mara ya nne raundi ya 7. Tulishangilia mpaka wapita njia wakaingia kuuliza kulikoni. Ruiz alipata ushindi ule kwa sababu mtu alipimwa mapema.

Tatizo ni kwamba upimaji wa namna hiyo si wa lazima kila mahali. VADA, taasisi iliyoanzishwa na daktari Margaret Goodman, hupima pale pande za pambano zinapokubaliana, au bondia akiwa kwenye mpango wa WBC, baraza la ngumi la dunia linalotoa mikanda, ulioanza mwaka 2016. Wengine wengi hubaki na kikombe cha mkojo cha usiku wa pambano.

Dawa za kukojoza nazo zinaongeza nguvu? (Msomaji, Arusha)

Haziongezi. Zinakausha maji mwilini ili mtu afikie uzito, na zinazimua mkojo ili dawa nyingine zisionekane. Zimepigwa marufuku kwa sababu hizo mbili.

Pacquiao alitumia au hakutumia? (Msomaji, Bukoba)

Unamsema Manny Pacquiao, bondia wa Ufilipino. Hakuna kipimo kilichowahi kumkuta na dawa za kuongeza nguvu, kwa hiyo sitaandika kwamba alitumia. Mpinzani wake, Mmarekani Floyd Mayweather, alidai vipimo vya damu vya kushtukiza, Pacquiao akataka damu isichukuliwe siku za karibu na pambano, na pambano la Machi 2010 likavunjika kwa sababu hiyo. Pacquiao alimshtaki Mayweather kwa kumchafulia jina, kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2012. Walipokutana tarehe 2 Mei 2015 wote wawili walipimwa damu na mkojo. Dai la vipimo lilikuwa halali. Kumwita mtu mwizi kwa sababu amepanda madaraja ya uzito na bado anapiga sana, hilo sikubaliani nalo.

Kaka, mwanangu ana miaka 19, anacheza ngumi. Jimu wanamuuzia unga wa kujenga mwili. Nimkataze? (Mama, Morogoro)

Mama, usimgombeze, kaa naye umweleze kisa cha Amir Khan. Alipimwa baada ya kupigwa na Kell Brook, Februari 2022, akakutwa na ostarine. Jopo lilikubali kwamba hakukusudia. Bado likamfungia miaka miwili, kwa kuwa bondia anawajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake.

Unga uliopimwa kwa kijiko kutoka kopo lililokwisha kufunguliwa asiuguse kabisa. Ukiwa umefungwa, asome yaliyoandikwa, apige picha lebo na namba ya toleo, na kabla hajalamba amwonyeshe daktari anayeijua orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni. Orodha hiyo hubadilika kila Januari. Na kwa umri wake, mayai, maharage na dagaa vinamtosha.