Muulize Mzee wa Ghala: .45 inayokwama na kutu ya ziwani

SWALI: Shikamoo mzee. Nina leseni na bastola ya .45 (upana wa risasi kwa inchi), muundo wa 1911, ninayobeba siku za kupeleka benki fedha za dagaa. Huwa naiweka kwenye sefu, ndani ya ala yake ya ngozi. Slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, imeanza madoa ya kutu, na nikienda kulenga shabaha, ganda la risasi iliyolia linakwama kwenye mlango wa kutokea. Nimeambiwa nibadili springi. Nibadili?
Mfanyabiashara, Mwaloni Kirumba

JIBU: Marahaba. Usibadili kitu kwanza, anza na hiyo ala. Ngozi hunyonya unyevu na kukaa nao, na hapa kwetu masika hata chumvi jikoni hutoa maji. Ala ni ya kuvaa kiunoni. Kwenye sefu bastola ilale juu ya kitambaa kikavu, pamoja na vile vipakiti vya punje za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Siku ya kusafisha, risasi zisiwepo mezani. Toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi. Ukianza na slaidi, risasi moja itatoka na nyingine ya magazini itaingia chembani, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, nawe unajiona umemaliza. Tazama chembani kwa jicho, kisha pitisha ncha ya kidole. Brashi iingie mtutuni kwa upande wa chemba, kwa sababu mdomo wa mtutu ukilika, shabaha inapotea. Madoa yasugue kwa kitambaa na mafuta ya silaha. Msasa marufuku, utaondoa rangi inayokinga chuma. Baada ya hapo tone moja kwenye kila reli ya slaidi linatosha, linalozidi lifute. Magazini iache kavu: mafuta yakipenya kwenye risasi huua fataki, kile kiwashio cha kitakoni mwa risasi. (Na mnaotumia mafuta ya alizeti, nawajua. Yanaganda.)

Sasa ganda. Bastola hii ni kazi ya John Browning. Jeshi la Marekani liliipokea 1911, na inajiendesha kwa teke lake yenyewe. Risasi ikilia, slaidi hurudi nyuma na mtutu, vinaachana, ganda linatupwa. Ili slaidi ifike mwisho, kiunzi kilicho mkononi kisitembee nayo. Kifundo cha mkono kikilegea, kiunzi kinarudi pia, slaidi inaishiwa nguvu njiani, inafunga mapema na kulibana ganda. Kichwa cha risasi ya .45 kina gramu 15 hivi, karibu mara mbili ya kile cha milimita 9, na nimeona wanaume wa kunyanyua magunia wakilegeza mkono kabla hata haijalia, kwa kuiogopa tu.

Kwa hiyo mpe mwalimu wa uwanja apige kwa magazini ileile na risasi zilezile. Kwake ikienda, kosa liko kwenye kifundo chako. Ikikwama na kwake, jaribu magazini nyingine, kisha umwone fundi mwenye kibali. Wewe shika juu kabisa ya mpini, mkono wa pili ubane vidole vya wa kwanza. Na masikio yazibe: mlio wa bastola huvuka desibeli 140, na usikivu ukienda haurudi.

SWALI: Marehemu baba kaacha bastola. Naweza kuibeba wakati nafuatilia leseni?
Kifungua mimba, Sengerema

JIBU: Pole kwa msiba. Hapana. Leseni ilikuwa ya baba, haingii kwenye mirathi. Nenda kituo cha polisi cha wilaya mikono mitupu, ueleze, wao wakuambie itafikaje kwao. Maombi yako yaendelee ikiwa huko.

SWALI: Viboko wanatumalizia mpunga. Desert Eagle ya .50 itafaa?
Mkulima, Ukerewe

JIBU: Haifai. Chuma cha karibu kilo 2, teke lake kubwa, na bado ni bastola. Utamjeruhi kiboko, na atakayekutana naye alfajiri ni mtoto wa jirani aendaye kuchota maji. Tena kumpiga bila kibali kunakupeleka mahakamani. Mwite afisa wanyamapori wa halmashauri. Huyo ana bunduki inayolingana na kazi hiyo.