Fotoni ni nguvu ya sumaku?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari wilayani Ilemela, Mwanza. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, lakini dhana ngumu nalazimika kuzifafanua kwa Kiswahili. Juzi mwanafunzi aliandika kwamba "fotoni ni nguvu ya sumaku inayotoka kwenye taa". Je, kosa hili ni la lugha au la fizikia? Aidha, tuseme "uwanja wa sumaku" au "uga wa sumaku"?

JIBU: Makosa yote mawili yamo, na naona la lugha ndilo lililozaa la fizikia.

Tuanze na "nguvu". Mvuvi wa Mwaloni, kwenye soko la samaki la Mwanza, hulitumia neno hili kwa misuli ya mpiga kasia, kwa injini ya mtumbwi na kwa upepo unaouyumbisha, wala hakosei. Fizikia haiwezi kuvumilia ukarimu huo. Msukumo au mvuto ambao kitu kimoja hukitendea kingine huitwa kani. Uwezo wa kufanya kazi huitwa nishati. Na hali iliyoenea katika nafasi, ambayo huitendea kani sumaku au chaji (yaani kitu chenye umeme) inayopita humo, huitwa uga. Uga wa sumaku wa Dunia umetanda juu ya ziwa zima, hata mahali pasipo na mtumbwi wala dira, lakini kani yake hudhihirika pale tu mshale wa dira unapoletwa humo ukageuka kuelekea kaskazini.

"Uga" na "uwanja" ni ndugu, kwa kuwa uga nao, kwa maana ya kale, ni mahali palipo wazi. Hata hivyo napendelea "uga" darasani, kwa sababu mwanafunzi wa Mwanza akisikia "uwanja" humjia ule uwanja wa mpira wa Kirumba, penye ukuta na mageti, ilhali uga wa sumaku hufifia kadiri unavyokwenda mbali na hauna ukuta popote.

Sasa fotoni. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted aliona mshale wa dira ukitikisika karibu na waya uliopitisha umeme, na mwaka 1865 James Clerk Maxwell akachapisha hoja kwamba mwanga wenyewe ni mawimbi ya uga wa umeme na uga wa sumaku yanayosafiri pamoja. Ndiyo maana tunasema "sumakuumeme", neno moja lisilotenganishwa. "Sumaku ya umeme" ni kitu kingine, kama msumari uliozungushiwa waya wenye mkondo. (Na umeme, kabla ya nyaya, ulikuwa ule mwako wa radi tunaouona ziwani usiku.) Mwaka 1905 Albert Einstein alidai kwamba nishati ya mwanga huja kwa vifungu. Kifungu kimoja ndicho fotoni, jina lenye asili ya Kigiriki lililoenea baada ya Gilbert Lewis kulitumia mwaka 1926.

Kwa hiyo kusema "fotoni ni nguvu ya sumaku" hupotosha, kwani huacha nusu ya jambo. Tena humfanya mwanafunzi adhani kwamba sumaku huvuta mwanga. Mvuvi wa dagaa akiweka sumaku kando ya taa yake, mwanga hautapinda, kwa sababu fotoni haina chaji. Elektroni, chembe ndogo ya atomu iliyo nayo chaji, ingepindishwa. Michael Faraday alionyesha mwaka 1845 kwamba sumaku huweza kugeuza mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga unaopita ndani ya kioo, lakini hapo kioo ndicho kinachopatanisha.

Mwanafunzi wako hakutoka patupu, hata hivyo. Fizikia ya leo hueleza kani kati ya chaji mbili kuwa ni matokeo ya kupokezana fotoni, ingawa fotoni hizo haziwezi kunaswa kwa jicho wala kwa kipimo kama zile za taa. Hivyo kitenzi "kubeba" kinakubalika: fotoni hubeba kani ya sumakuumeme. Kitenzi kishirikishi "ni" ndicho kisichokubalika, kama ambavyo mtumbwi uliobeba dagaa hauitwi dagaa.

Upatanisho uwe "fotoni hii, fotoni hizi", "mafotoni" liachwe. Nawe msahihishie hivi: "Taa hutoa fotoni, ambazo ni vifungu vya nishati ya uga wa sumakuumeme."