Mkopo wa halmashauri kwa kikundi cha wanawake

Dada, umeuliza kama ninyi wanawake saba wa Singida mnaokamua alizeti mnaweza kupata mkopo wa halmashauri bila kwanza kuwa chama cha ushirika. Mnaweza. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye atawaongoza kusajili kikundi, mkiwa na katiba, muhtasari wa kikao uliosainiwa na wanachama wote, na akaunti ya benki yenye jina la kikundi. Andiko la mradi ndilo hukwamisha wengi: badala ya kuandika tu "kununua mashine", ambatanisheni profoma (hati ya bei) ya muuzaji, kisha onyesheni gunia moja la alizeti linatoa lita ngapi na mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, mtamuuzia nani. Msishangae mkikaguliwa hadi kwenye banda, kwa kuwa mikopo hii ilisitishwa mwaka 2023, vikundi hewa vikiwa miongoni mwa sababu, ikarejeshwa mwaka 2024. Ushirika, unaosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2013, unaweza kusubiri.