Kujua wewe ni aina gani ya mtu kunasaidia kiroho? Nilivyoiona mimi

Mleta mada umeuliza mawili, kwamba umefanya testi ya haiba mara mbili ikakupa majibu tofauti, na kwamba mwenzako kwenye maombi anakwambia achana nayo, itakuharibia imani. Naanza na la testi maana ndo jepesi.

Hiyo ya herufi nne, MBTI, yaani testi inayokupa herufi nne za kuelezea haiba yako, chimbuko lake ni mawazo ya Carl Jung ya mwaka 1921, baadaye Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers wakayageuza yakawa maswali ya kujaza. Tatizo lake inakata watu katikati, yaani ukiegemea kidogo tu huku unapewa herufi ya introveti (mtu wa kujitenga), ukiegemea kidogo kule ya ekstroveti (mtu wa watu), sasa wengi wetu tuko hapo hapo katikati, ukiijaza siku umechoshwa na watu herufi inageuka na mtu ni yule yule. Kwa hiyo hujakosea kitu. Halafu ujue na hii, mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwafanyisha wanafunzi wake testi, akampa kila mmoja maelezo ya tabia "yake", wakayapa wastani wa zaidi ya 4 kati ya 5 kwa ukweli, kumbe wote wamepewa karatasi yenye maneno yale yale! So ukisoma maelezo ukasema aisee huyu ni mimi kabisa, bado hujathibitisha chochote, hasa kama maelezo yenyewe yanakusifia.

Mi kilichonisaidia ni eniagramu, ile inayogawa watu aina tisa, namba 1 mpaka 9. Kisayansi nayo haina miguu mirefu, wanaopima haiba kwa utafiti wanatumia zaidi kipimo cha sifa kuu tano za haiba (Big Five), na mtu akikwambia ni siri ya kale ya maelfu ya miaka anatia chumvi, mfumo wa aina tisa kama tunavyoujua leo umetoka kwa mwalimu wa mambo ya kiroho Oscar Ichazo na daktari wa akili Claudio Naranjo, miaka ya 1960 na 1970 hapo. Ila kiroho ina kitu kimoja ambacho zile za herufi hazina: haiulizi unafanya nini, inauliza unafanya kwa nini. Chukua watu watatu wanafagia nyumba ya ibada. Mmoja hawezi kuvumilia uchafu na moyoni anawalaani waliochafua, huyo ni 1. Wa pili anataka ahisi kwamba bila yeye mambo hayaendi, 2. Wa tatu anafagia vizuri zaidi mchungaji akipita, 3. Ufagio ni ule ule, na ukiwaangalia kwa nje wote ni watumishi wazuri tu.

Ndo maana kila namba imepewa kilema chake, kwa mpangilio wa 1 mpaka 9: hasira, kiburi, udanganyifu, wivu, uchoyo, woga, ulafi, tamaa ya kupitiliza, uvivu. Ukiwa na malezi ya kikanisa utaona orodha hiyo inafanana sana na ile mizizi saba ya dhambi, na kabla ya hiyo saba kulikuwa na mmonaki wa jangwani Misri, Evagrius, karne ya 4, aliyeandika mawazo mabaya manane yanayomsumbua anayesali. Kwa hiyo mwambie huyo mwenzako kwamba kukaa chini ukajiuliza kilema changu kikubwa ni kipi sio kitu kigeni kwenye imani. Waislamu nao wana muhasaba, kuihesabu nafsi yako mwenyewe.

Mimi ni 9. Na 9 ni namba tamu sana kuwa nayo kwa sababu watu wanakusifia kilema chako, "huyu mpole", "huyu mtu wa amani hana neno na mtu", wakati nusu ya upole wenyewe ni uvivu wa kusema ninachotaka, mtu akigombana na mwenzie mbele yangu nakuwa naitafuta njia wanyamaze, sio njia ya haki. Hata sala ilikuwa pa kujifichia. Ukimya naupenda, naweza kukaa kimya mbele za Mungu muda mrefu sana, nikitoka hapo nina utulivu na yule ninayepaswa kumwambia ukweli sijamwambia.

Hapa ndo kuna faida yenyewe kwa maoni yangu, kwamba zoezi la kiroho unalolipenda kuliko yote mara nyingi ndo linalokubembeleza. Mtu wa 7 mwenye kukimbia maumivu kwa kujaza ratiba, ukimya utamchoma, na unamfaa. Mimi ukimya unanilaza, kinachonifaa ni kwenda kusema jambo leo kabla ya kulala. Wa 2 aache kutoa siku moja apokee bila kurudisha. Wa 5 atoe muda wake, sio maarifa yake, maana maarifa yanamtoka kirahisi.

Kuipata namba yako usitegemee testi sana. Soma zote tisa taratibu, ile itakayokutia aibu, sio ile utakayotamani, anza na hiyo, kisha muulize mtu anayeishi na wewe na asiyekuogopa. Na ukishaipata isiwe kichaka, nimeshasikia mtu anasema "mi ni introveti" kukwepa kumtembelea mgonjwa, hapo hata shetani anapumzika.

Na wengine usiwapige namba jamani, hususan mwenzi wako mkiwa mnagombana. "Hiyo ni u-8 wako huo" haijawahi kumaliza ugomvi wowote niliouona. Zile testi za kulipia pia achana nazo, maelezo ya bure yanatosha kabisa kuanzia.